Naomba ushauri: chumvi yenye mionzi, sodalaiti au kioo cha fosfeti?
Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu ya kemia kuhusu chumvi ya kloridi inayobaki baada ya kuchakata fueli iliyotumika ya EBR-II, kinu cha nyuklia cha majaribio huko Idaho, Marekani. Ina seziamu yenye mionzi na huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo haizikwi ilivyo. Kioo cha borosiliketi, ambacho ndicho hutumika kwa kawaida kufungia taka za nyuklia, hupokea kloridi kidogo mno. Wataalamu wa huko waliichanganya na zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana) na unga wa kioo, wakaioka ikawa sodalaiti, madini yanayofungia klorini ndani yake. Inashika klorini vizuri, ila ujazo wa taka unaongezeka sana, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Nafikiria kuondoa klorini kwanza kwa fosfeti, kisha nitengeneze kioo cha fosfeti ya chuma, lakini gesi inayotoka inakula vyombo. Mliofanya kazi hii, tanuri mlililindaje? Nitatumia seziamu isiyo na mionzi.