Wanafunzi wanazijua sheria za shairi lakini hawatungi: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Kiboriloni, Moshi
Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Kiswahili darasa la sita katika shule moja ya msingi. Wanafunzi wangu wanaeleza bila kusita maana ya ubeti, mshororo, vina na mizani, na ukiwapa shairi la mtihani wanalichambua vizuri. Hata hivyo, nikiwaambia watunge beti mbili, karibu wote huandika kwamba elimu ni bahari au ni ufunguo wa maisha, kwa maneno yaleyale waliyoyasikia kwenye mahafali. Natamani waandike wanayoyaona wenyewe, na urari wa vina na mizani usipotee. Ninyi mnaanzia wapi?

Mwalimu wa Sakina, Arusha
Mimi huanzia sikioni. Kabla hawajashika kalamu tunapiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, na hapo ndipo wanapotambua kwamba "mto" una mizani mbili na "mgomba" una tatu, kwa kuwa ile "m" ya mwanzo nayo huhesabiwa. Kisha natoa kipande kimoja tu cha mizani nane, kwa mfano "Meru umevaa wingu", nao wanatafuta cha pili. Binti mmoja alijibu "mgomba wangu wacheka", darasa zima likapiga makofi na kukuta kumi na sita zimetimia. Mtoto huyo alikuwa ameiona mvua inakuja, na hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Ubeti wa tarbia, wenye mishororo minne, siuombi mpaka mshororo mmoja uwe umekaa sawa.

Mwalimu mstaafu, Usa River
Hilo la mahafali linaniuma. Mathias Mnyampala alipoieneza ngonjera baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiini chake kilikuwa majibizano: mmoja hajaelewa au anapinga, mwenzake anamjibu kwa hoja, ubeti kwa ubeti. Shuleni tumebakiza umbo lake tu, kwani mwalimu ndiye anayetunga, watoto wanakariri, na mgeni rasmi anasifiwa. Mwanangu, rudisha ubishi darasani. Kundi moja liwe vijana wanaotaka kung'oa mibuni wapande maparachichi, jingine liwe wazee wanaokataa, na kila kundi lijibu ubeti lililoletewa. Mtoto anayetafuta jibu la mwenzake hapati nafasi ya kurudia "elimu ni bahari".

Mwalimu wa sekondari, Moshi
Shikamoo, mwalimu wetu. Nakubaliana nawe kuhusu ubishi, ila naomba kutofautiana na mwenzetu wa Sakina. Watoto wanaofika kwetu kidato cha kwanza wamezoea kukata na kurefusha maneno ili mizani itimie, nao wakiulizwa walitaka kusema nini hawana jibu. Inkisari na mazida ni ruhusa za mshairi aliyekwisha kuwa na la kusema. Diwani ya *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ilionyesha kwamba shairi linaweza kusimama bila vina. Ningeanza na sentensi tatu za kawaida kuhusu mfereji unaopita shambani kwao au soko la Mbuyuni asubuhi: kinachosikika, kinachonukia, anayegombana na nani. Vina vitafuata.

Mwalimu wa Kiboriloni, Moshi
Shikamoo, mwalimu, na asanteni nyote. Nitaanza na sentensi tatu, kisha makofi, na ule ubishi wa mibuni nitauweka mwishoni mwa muhula kwa sababu kwa watoto wa huku ni jambo la nyumbani kabisa. Linalonitisha ni usahihishaji, maana darasa ni kubwa.

Mwalimu wa Sakina, Arusha
Mizani waachie wenyewe: wabadilishane madaftari wawili wawili, kila mmoja aupigie makofi mshororo wa mwenzake na kuweka alama pale unapopungua au kuzidi. Wewe soma ukitafuta jambo moja tu, yaani neno ambalo mtoto huyo pekee angeweza kuliandika, ulipigie mstari, na kesho yake umwombe alisome mbele ya wenzake. Na sentensi tatu za ndugu yetu wa sekondari nami nitazijaribu kabla ya makofi.