Je, ujifunzaji wa mashine unafaa kugawa masafa ya mtandao usiotumia waya kiwandani?

FundiMitambo_LungaLunga aliuliza:

Wanajukwaa, natanguliza salamu. Ninahudumu katika kitengo cha mitambo cha kiwanda cha vifungashio hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Uongozi umeamua kwamba laini mpya ya uzalishaji isifungwe nyaya za data, kwa sababu mashine zitakuwa zikihamishwa kila bidhaa inapobadilika. Katika ukumbi huo mmoja kutakuwa na magari madogo yanayojiendesha, ambayo yatabadilishana ujumbe mfupi na PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mitambo) kila baada ya milisekunde 10. Kamera za kukagua ubora, zinazotuma picha nzito kwa mikupuo. Na vihisi vya joto na mtetemo, ambavyo hutuma baiti chache tu kila baada ya sekunde kadhaa.

Muuzaji mmoja wa vifaa ametueleza kwamba anayo programu ya ujifunzaji wa mashine, yaani inayojifunza yenyewe kutokana na data, itakayogawa masafa na nafasi za kutuma baina ya vifaa hivi vyote bila mtu kuingilia, na katika maonyesho yake wastani wa ucheleweshaji ulishuka kwa kiasi cha kuvutia. Je, programu ya namna hiyo inaweza kufanya jambo ambalo ratiba isiyobadilika, iliyopangwa mapema na mhandisi, haiwezi? Na tumuulize nini muuzaji huyu kabla ya kutia sahihi?

Kidhibiti_Ruaraka alijibu:

Mhandisi, huo wastani uweke kando kwanza, kwa maana hauelezi lolote kuhusu kinachosimamisha laini. Kigezo ambacho ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilikiweka kwa mawasiliano ya kutegemewa sana ya 5G ni kwamba pakiti ya baiti 32 ifike ndani ya milisekunde 1 kwa uhakika wa asilimia 99.999, yaani ipotee au ichelewe moja tu kati ya 100,000. Sasa piga hesabu ya gari lako moja: linatuma ujumbe 100 kila sekunde, kwa hiyo hata mtandao uliofikia kigezo hicho bado utalipotezea ujumbe mmoja takriban kila dakika 17.

Je, gari litasimama kila dakika 17? La, ikiwa ujumbe unaopotea unapotea peke yake. Vidhibiti vingi huvumilia pengo dogo. Katika PROFINET, mtandao wa kuunganisha mitambo ya viwandani, kwa mfano, mpangilio wa kawaida ni kwamba kifaa hutangaza hitilafu baada ya mizunguko 3 mfululizo kupita bila data. Jambo la kuogopa, basi, ni ujumbe kupotea kwa kufuatana, na ndani ya ukumbi uliojaa vyuma ndivyo unavyopotea: foklifti ikipita na kukinga mawimbi, kila kinachotumwa katika muda huo huathirika kwa pamoja. Programu inaweza kupunguza wastani huku ikiongeza mapengo ya namna hii, kama askari wa trafiki katika mzunguko wa University Way anayeruhusu upande mmoja upite hadi foleni iishe. Idadi ya magari yaliyopita itapendeza, lakini mwulize aliyekuwa akisubiri upande wa pili.

Mtake muuzaji akuonyeshe pengo refu kuliko yote lililotokea kwa kila kifaa, na mzigo wa kamera ukiwa umefika kileleni. Akikosa takwimu hiyo, hakuna cha kujadiliana.

Masafa_na_Hesabu alijibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila swali la kwanza halijajibiwa.

Ratiba isiyobadilika si jambo la kudharauliwa. WirelessHART, kiwango cha mawasiliano ya vihisi vya viwandani bila waya kilichotolewa mwaka 2007, hugawa muda katika vipande vya milisekunde 10 na kumpa kila mtumaji kipande chake, huku chaneli zikibadilishwa kila mara ili usumbufu wa masafa fulani usimwandame mmoja. Kwa vihisi vyako vya joto na mtetemo hiyo inatosha kabisa, na sioni sababu ya kuviingiza katika habari ya ujifunzaji wa mashine. Kwa magari, la, kwa kuwa kipande kimoja tu kimemeza mzunguko mzima wa gari.

Katika 5G vipande ni vidogo zaidi. Mpangilio wa kilohezi 30 (nafasi kati ya wimbi dogo moja na jingine) hukata muda katika nusu milisekunde, na masafa hukatwa katika vifungu vya mawimbi madogo 12 kila kimoja. Njia za kuvigawa vifungu hivyo ni nyingi mno kupitiwa moja moja, na jawabu lililo bora sasa hivi hubadilika gari likiingia nyuma ya rafu ya chuma. Hapa ndipo programu iliyojifunza ina faida: inaona ubora wa mawimbi ya kila kifaa, urefu wa foleni ya pakiti zake na mahali gari lilipo, kisha inatabiri kwamba baada ya muda mfupi gari fulani litahitaji nafasi zaidi, na inaipunguzia kamera kabla shida haijatokea. Ratiba iliyoandikwa mapema haina macho ya kuona hivyo.

Hata hivyo, nisingeiruhusu iamue kila nusu milisekunde. Iache ipange viwango na vipaumbele katika mzunguko wa polepole, na mgao wa papo kwa papo ufanywe na kanuni rahisi inayoweza kukaguliwa. Usanifu wa O-RAN, muundo wa wazi wa mitandao ya simu, umefuata mkondo huo huo: kidhibiti chake cha karibu na wakati halisi hufanya kazi kati ya milisekunde 10 na sekunde 1, na maamuzi ya haraka zaidi hubaki katika kituo chenyewe cha kurushia mawimbi.

Uliza pia tuzo inayoifundisha programu, yaani alama inazopewa ikifanya vizuri, ni ipi. Ikiwa inatuzwa kwa jumla ya biti zilizopita, itajifunza kuzipendelea kamera, kwa kuwa ndizo zenye biti nyingi. Na kwa kuwa programu ya aina hii hujifunza kwa kujaribu, ni lazima magari yatengewe fungu lao la nafasi za kutuma, na majaribio yake yazuiwe yasiliguse. Ijaribu katika kinachobaki.

Mtandao_BabaDogo alijibu:

Hilo fungu lililotengwa lina tatizo. Mawimbi yakidhoofika, kila kifungu hubeba biti chache zaidi, kwa hiyo ujumbe ule ule wa gari huhitaji vifungu vingi kuliko kawaida. Fungu lililopimwa siku ya mawimbi mazuri halitatosha wakati wa shida, na fungu lililopimwa kwa hali mbaya kabisa litakaa bure muda mwingi. Mimi ningelipima kwa hali mbaya, kisha nafasi inayosalia wazi ikopeshwe kamera kwa sharti kwamba gari linaweza kuichukua wakati wowote.

Halafu kuna jambo ambalo mwuliza swali amelitaja mwenyewe bila kulitilia mkazo: mashine zitahamishwa kila bidhaa inapobadilika. Sababu iliyowafanya mkatae nyaya ndiyo itakayoifanya programu ipitwe na wakati, kwa maana ilijifunza ukumbi ambao haupo tena.

Muuzaji huyo pia aseme anatumia masafa gani. Kwenye gigahezi 2.4 na 5 za Wi-Fi, kifaa husikiliza kwanza na kusubiri hewa ikiwa na shughuli, na ghala la jirani lina haki sawa na yenu ya kuzungumza. Hakuna ujifunzaji utakaomwamuru jirani. Safaricom ilizindua huduma ya 5G kibiashara mwaka 2022, lakini kwa mtandao kama huo mgao wa ndani ya kituo uko mikononi mwa mwendeshaji, na masafa yenu wenyewe yahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa hiyo muulizeni kama programu yake ina mamlaka juu ya mgao wenyewe au inabadilisha tu vipaumbele kutoka nje.

FundiMitambo_LungaLunga aliandika:

Nashukuru sana. Suala la mashine kuhamishwa limenigusa. Tutajuaje kwamba programu imepitwa, kabla ya magari kutuambia kwa kusimama?

Masafa_na_Hesabu alijibu:

Kwa kuwa programu hutabiri ubora wa mawimbi, linganisheni utabiri wake na kipimo halisi cha kila gari, mfululizo. Mkiona tofauti inakua, hiyo ni dalili inayotangulia pakiti kupotea. Wekeni kikomo, kikivukwa, mfumo urudi wenyewe kwenye ratiba isiyobadilika bila laini kuzimwa, na kamera zipunguziwe idadi ya picha hadi programu ifundishwe upya. Siku za mwanzo baada ya kuhamisha mashine, iendesheni pembeni tu, ikitoa mapendekezo yanayohifadhiwa bila kutekelezwa. Na urejeo huo mwuzaji auonyeshe kiwandani kwenu, magari yakiwa yamebeba mizigo. Chumba chake cha maonyesho hakina foklifti.