Pombe iliyokushinda mwenyewe usinitupie kama nyongeza

Wakuu, nawasalimu wote, ila leo sina maneno matamu. Nina siku tano sijapoa.

Kwa wasiojua, sisi tulioko huku Massachusetts na majimbo ya jirani tuna utaratibu wetu wa kubadilishana bia. Kuna bia huku ambazo si rahisi kuzikuta dukani, nyingine mpaka uende kiwandani kwenyewe. Mimi nakaa Worcester, kiwanda cha Tree House cha Charlton kiko karibu na kwangu, kwa hiyo makopo ya bia yao ya Julius nayapata. Aliyeko Vermont yeye anaipata Heady Topper, ile ya asilimia 8 yenye maandishi kwenye kopo kwamba uinywe humohumo koponi. Posta ya Marekani hairuhusu kutuma vileo, basi tunakutana uso kwa uso katikati ya njia. Unampa manne, anakupa manne, mnapiga soga, kila mtu anarudi kwake.

Halafu kuna nyongeza. Hiyo haimo kwenye hesabu. Ukishamaliza kubadilishana unamtolea mwenzako kitu cha juu, na kwa wengi wetu tunaopika nyumbani huwa ni chupa moja au mbili za mkono wetu wenyewe. Mimi hapo ndipo roho yangu ilipo kabisa. Bia ya kiwandani kila mtu ataipata siku moja, lakini ya kwako uliyoipika jikoni, ukaisubiri wiki tatu, ukampa mtu bure, hiyo hainunuliki popote. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Wiki tatu zilizopita nilikutana na jamaa mmoja, jina naliacha, na yeye mwenyewe akisoma atajijua. Tulibadilishana vizuri tu, makopo manne kwa manne. Wakati wa kuagana akafungua buti akanipa chupa mbili. Chupa nyeupe za juisi, zile za kizibo cha kuzungusha. Hazina lebo, hazina tarehe, hata kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu hakuna. Akasema, "Kaka, hii ni ya juu, nimepika mwenyewe." Nikafurahi sana. Nikamuuliza ni ya aina gani, akasema nyeusi nyeusi hivi. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nyumbani moja niliiweka kwenye friji, nyingine ikakosa nafasi nikaiweka kwenye kabati la chini jikoni, pale tunapoweka unga. Mwezi huu wa saba joto la ghorofa ya tatu mnalijua wenyewe.

Ijumaa iliyopita, saa nane usiku, mke wangu alikuwa ametoka shifti. Yeye analea wazee, anasimama saa kumi na mbili kwa siku. Amevua viatu, yuko jikoni pekupeku anapasha chai. Ile chupa ikapasuka. Nilikuwa nimelala chumbani nikadhani ni risasi. Mlango wa kabati ulikuwa umefunguka wenyewe, kipande cha kioo kirefu kama kidole kimesimama kwenye mbao upande wa ndani, kimeingia kweli, nilikitoa kwa koleo. Unga wa ugali kilo kumi ulikuwa umelowa na unameta vioo. Tukaumwaga wote. Mke wangu alikanyaga kipande akijaribu kuukimbia moto wa jiko, kikaingia kisigino. Nyuzi nne. Shifti mbili hakwenda, na shifti zake hazilipwi kama hajafika.

Na kwenye kabati hilohilo kulikuwa na bia ya Westvleteren 12 aliyoniletea shemeji kutoka Ubelgiji. Nayo ilikwenda. Hiyo nimeshaisamehe, bia ni bia. Kisigino cha mke wangu sijakisamehe.

Kilichonitoa kwenye subira ni simu ya asubuhi yake. Nilimpigia nikiwa mpole, nikijua ajali hutokea, mimi pia nimeshawahi kuharibu. Unajua alinijibu nini? "Aisee pole, hizo za mwezi wa tatu zilikuwa zinatoa povu sana, ukifungua inamwagika yote, nikaona bora nizigawe."

Soma tena hapo. Alikuwa anajua. Alishafungua kadhaa kwake, zikamwagikia sakafuni, akaona hazinyweki, na badala ya kuzimwaga akazigeuza zawadi.

Nikamuuliza kama alipima kabla ya kufunga. Akasema hakupima, aliona mapovu yameacha kutoka kwenye dumu, akatia sukari, akafunga. Wapishi wenzangu mnaojua mmeshaelewa. Kwa ambao bado, nitaeleza, maana hapa ndipo watu wanapoumizana.

Mapovu kuacha kutoka si dalili kwamba pombe imemaliza kuchachuka. Mwezi wa tatu chumba cha chini huku ni baridi, hamira inasinzia tu, sukari ya kimea bado imo. Bia ya kawaida ina gesi kama lita mbili na nusu kwa kila lita moja ya bia, na kuipata hiyo unahitaji sukari kidogo sana, kama gramu 115 kwa dumu la lita 19. Sasa kila gramu nne za sukari ambazo hamira itazila ndani ya lita moja iliyofungwa zinaongeza lita nzima nyingine ya gesi. Ukifunga chupa wakati haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye pombe, inasoma 1.018 na pombe ilitakiwa kushuka mpaka 1.012, ukijumlisha na sukari uliyoongeza umeshafungia humo gesi zaidi ya maradufu ya ile inayotakiwa. Inakaa kimya kwenye baridi. Joto la mwezi wa saba likija, hamira inaamka.

Na aliitia kwenye chupa ya juisi! Chupa ya juisi haikutengenezwa kubeba gesi. Kioo chake ni chembamba. Chupa ya bia angalau ina unene wake na hata hiyo ina kikomo. Haidromita bei yake haifiki bei ya makopo manne ya Julius. Unapima leo, unapima kesho, unapima keshokutwa, namba ikikaa palepale siku tatu ndipo unafunga.

Kuna watakaoniambia nyongeza ni ya bure, ya bure haina lawama. Nawajibu: kwa sababu ni ya bure ndiyo maana ina dhamana kubwa zaidi. Kopo la kiwandani lina jina la kiwanda, lina asilimia, tarehe yake ipo. Chupa yako ina wewe tu. Nimeipokea kwa sababu nimekuamini wewe, sina kingine cha kuniambia imo nini. Wale wamonaki wa Ubelgiji wanaopika Westvleteren, kwa miaka mingi chupa zao hazikuwa na lebo kabisa, lakini maelezo yote yalikuwa yameandikwa kwenye kizibo. Kizibo! Kitu cha ukubwa wa sarafu. Wewe una chupa nzima umeshindwa kuandika tarehe.

Mimi nimekulia Rombo. Bibi yangu alikuwa anapika mbege, ndizi zikishaiva anazichemsha, anazichachusha, ndipo anatia ulezi uliooteshwa na gome la mti wa msesewe la kutia uchungu. Sijawahi kumwona akiziba kibuyu chenye mbege inayochemka. Pombe iliyo hai inaachiwa mdomo, mtoto wa darasa la pili kijijini kwetu anajua. Na sijawahi kumwona akimpa mgeni kata bila kunywa yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, tena fundo la kweli. Hapo ndipo kata inapita. Mbege ikiharibika, na huwa inaharibika, inakwenda kwa nguruwe. Haiendi kwa mgeni, wala kwa jirani, wala haisemwi kwamba ni zawadi.

Mimi hicho ndicho ninachofanya huku. Sitoi nyongeza ambayo sijainywa mwenyewe chupa tatu kwa siku tofauti, ya mwisho nikiwa nimeiacha wiki nzima nje ya friji nione inafanyaje. Naandika kwenye plasta: siku niliyofunga, aina, asilimia, na chochote kilichomo ambacho kinaweza kumdhuru mtu. Nikitia sukari ya maziwa naandika, kwa sababu kuna watu matumbo yao hayaipokei. Nikitia karanga naandika kwa herufi kubwa. Na naandika "weka kwenye friji" kama inataka friji. Dakika mbili hazifiki.

Na hili lingine nililisemee hapohapo. Kuna mwingine aliwahi kunipungukia kopo moja akasema chupa yake ya nyumbani inafidia. Haifidii. Sheria ya Marekani ya kupika bia nyumbani, ile aliyosaini Rais Jimmy Carter 1978, inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, kwa matumizi ya kwako na familia yako, si ya kuuza. Ukiifanya malipo umeitoa kwenye zawadi umeipeleka kwingine. Iache iwe ya juu, na uulize kwanza kama mtu anaitaka. Asiyeitaka asionekane mwenye dharau.

Ile chupa ya pili ilibaki. Niliitoa kwenye friji ikiwa ya baridi sana, nikaizungushia taulo mbili, nikavaa miwani ya kazini na glavu, nikaizungusha kizibo uani taratibu sana. Ilitoa povu mpaka ikabaki robo. Niliionja hiyo robo kwa sababu nilitaka kuwa mkweli hapa: ni chachu, ina harufu ya siki. Hata isingepasuka, hakuna mtu angeimaliza.

Sasa wewe mwenyewe. Sitaki pombe nyingine kutoka kwako na sitaki makopo ya kunifidia. Ulisema dumu zima ulilijaza kwenye chupa za juisi. Lita 19 ni chupa nyingi, kwangu zilifika mbili. Andika hapa chini, au nipigie usiku wa leo, uniambie nyingine uliwapa akina nani, ili tuwaambie waziweke kwenye baridi na wasizishike kwa mikono mitupu. Na wewe mdau mwingine, kama mwaka huu ulipokea chupa nyeupe ya juisi yenye pombe nyeusi isiyo na maandishi, usisubiri jibu lake. Iingize kwenye friji sasa hivi, na watoto wakae mbali na hilo kabati.