MJADALA: Makongamano ya sayansi ya wanafunzi weusi na Walatino Marekani, yaendelee au yavunjwe?

Mkaazi wa Minneapolis
Wakuu, salaam. Kuna hili kongamano la ABRCMS, la tafiti za tiba na baiolojia, lilianza 2001, linaandaliwa na Chama cha Mikrobiolojia cha Marekani. Wanafunzi weusi, Walatino na Wamarekani wa asili, wengi bado shahada ya kwanza, wanabandika posta (mabango) za tafiti zao, majaji wanawapa maksi, na vyuo vikubwa vinakuja kusaka wa kuwachukua kwa PhD. Mwaka 2025 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilifuta programu za MARC na U-RISE zilizokuwa zikiwalipia wanafunzi wa aina hii. Swali: mkutano wa sayansi ujengwe juu ya asili ya mtu, ni haki? Mimi nasema sayansi ni moja. Na tuambiane ukweli, wanaofaidi ni watoto wetu waliokuja juzi na ndege, si wajukuu wa watumwa.

Binti wa Makorora
Waliokuja juzi na ndege! Mkuu, MARC haikumlipa mtu wa viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hata senti. Sharti lilikuwa uraia au grinikadi. Mimi nilikwenda kongamano kama hilo kwa pesa ya kazi ya maktaba ya chuo, posta nimeikunja kwenye bomba la plastiki. Akaja jaji, mama Mlatino, akaweka kalamu kwenye mstari wa pili wa picha ya jeli yangu, lile jaribio la kutenganisha molekuli: "Umejuaje kwamba hii si uchafu wa sampuli?" Akasubiri nijibu. Maabara ya chuoni kwangu hakuna aliyewahi kuniuliza swali, nilikuwa mtu wa kuosha vyombo. Halafu wewe unaniita mfaidikaji.

Jembe la Molo
Binti, pole, lakini hakusema F-1, amesema watoto wetu. Wangu kazaliwa Dallas, ana pasi ya Marekani, na fomu inamtaka aweke alama kwenye kisanduku cha "mweusi". Babu yake hakulimishwa pamba Mississippi. Alilima pareto, shamba lake mwenyewe. Nafasi ikiwa moja, aichukue yeye au mtoto ambaye ukoo wake ulinyimwa shule hukohuko?

Nyota ya Kigoma
Jembe, kijana wangu akisimamishwa na polisi usiku haulizwi babu alilima nini.

Jembe la Molo
Polisi wameingiaje? Nimeuliza kuhusu nafasi.

Nyota ya Kigoma
Wameingia kwa sababu wewe una mtoto wa kike anayesoma shule ya ada, mimi nina wa kiume mwenye urefu wa futi sita. Usinifundishe Marekani.

Mwalimu wa Kemia
Turudi kwenye mada jamani. Angalieni Meyerhoff pale UMBC, Chuo Kikuu cha Maryland cha Baltimore County. Ni ufadhili, si kongamano, lakini hoja ni ileile. Ulianza 1988 kwa vijana weusi wa kiume. Mahakama ya rufaa ikaamua 1994 kwamba ufadhili wa weusi peke yao katika Chuo Kikuu cha Maryland haukubaliki, na 1996 Meyerhoff ukafunguliwa kwa kila mtu. Weusi hawakupotea. Kizzmekia Corbett, aliyekuwa mstari wa mbele NIH kubuni chanjo ya korona ya Moderna, alipita humo. Kumbe unaweza kufungua mlango na bado ukalea uliokusudia kuwalea.

Chumvi ya Pemba
Mwalimu, chanjo usituletee hapa, ile mada ilifungwa. Ila haya makongamano ni ya juzi tu, miaka ya tisini hivi. Kabla ya hapo weusi hawakusoma?

Binti wa Makorora
SACNAS, chama cha wanasayansi Walatino na Wamarekani wa asili, ni cha 1973. Na kama walisoma peke yao bila mwenzao hata mmoja darasani, ndiyo sababu waliunda vyama.

Mkaazi wa Minneapolis
Bado hamjanijibu. Kwa nini wasiende mikutano ya kawaida?

Nyota ya Kigoma
Wanakwenda! Jaribu wewe kuwa mwanafunzi wa mwaka wa 3 katikati ya maprofesa maelfu, uone nani atasimama mbele ya posta yako.

Chumvi ya Pemba
Suluhisho ni kuandaa yetu nyumbani. Deep Learning Indaba, mkutano wa Afrika wa akili bandia, ilianza Johannesburg 2017, ikaja Nairobi 2019, Kigali 2025. Hakuna kisanduku, hakuna ubalozi wa Kanada. Mnakumbuka mkutano wa akili bandia wa Montreal, Kanada, 2018, watafiti wa Black in AI, kundi la watafiti weusi wa fani hiyo, walivyonyimwa viza?

Jembe la Molo
Na wafadhili wa Indaba ni nani? Google hawamo? Tutoke kwa NIH tuingie kwa Google?

Chumvi ya Pemba
Basi toa wewe, Jembe. Serikali zetu hazitoi.

Binti wa Makorora
Mkaazi, mimi nasubiri ufute ile sentensi ya ndege. Na Jembe, binti yako kisanduku alikiweka alama au hakuweka? Umetuzungusha hapa mchana kutwa, hilo hujalijibu.