Zeituni moja. MOJA. Na akairudisha!

Mhanga wa Zeituni (mwanzisha uzi):

Wakuu, salamu baadaye. Naandika huku mkono unatetemeka, mkate wenyewe uko hapa mezani sijaugusa, tunatazamana tu.

Yule jamaa wa kaunta ya sandwichi. Simtaji, na hakuna haja, mnamjua. Yule wa glavu. Yule ambaye ukimsalimia anakujibu "mkate gani?" Huyo huyo. Leo amenifanyia kitu ambacho maadui zangu wote wakikaa kikao cha siku tatu hawawezi kukibuni.

Aliniwekea zeituni nne, akaziangalia, akatoa moja akairudisha bakulini.

Rudi usome tena. AKAIRUDISHA.

Haya, tuanze mwanzo. Foleni ilikuwa ndefu, wa nyuma walishaanza kuota mvi. Mimi si mtu wa kufika kwenye kioo ndipo naanza kuwaza, nilishajipanga. Mkate wa brauni, futi moja, kuku, uchomwe. Chizi? Nikasema mbili. Akanitazama kama mimi ndiye chizi wa tatu. Nikameza.

Tukaja kwenye mboga. Kibao juu ya kichwa chake kimeandikwa kwa herufi kubwa JITENGENEZEE MWENYEWE. Mwenyewe ni nani pale? Si mimi? Saladi akamwaga kama analisha mbuzi, majani yakafurika mpaka kwenye kaunta, na sikumwomba. Kitunguu, kiganja kizima. Nyanya akazipanga kama anaezeka vigae. Nikasema leo nimebahatika, jamaa ana mkono wa kifalme.

Tukafika kwenye zeituni. Mkono wa kifalme ukageuka wa fundi saa! Vidole viwili. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kwenye mkate wa futi moja! Na usifikiri ni zeituni nzima nzima, ni vile vipete vilivyokatwa, vina tundu katikati, yaani hata hizo nne nusu yake ni hewa.

Nikasema, kwa adabu yote niliyolelewa nayo: "Kaka, naomba uniongezee zeituni kidogo." Jamaa akasimama. Akainamia mkate. Akahesabu upya, midomo inacheza. Akachukua moja, akairudisha.

"Samahani, nilikosea hesabu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Keshia alicheka mpaka mashine ikatoa risiti yenyewe.

Nimeomba kuongezewa nikapunguziwa, wakuu. Ni kama umeingia kwa bosi kuomba nyongeza ya mshahara, unatoka unadaiwa.

Halafu ile zeituni ilikuwa imeshagusa mkate WANGU. Ilikuwa imeshalala juu ya chizi yangu. Imeshakuwa ndugu na kuku wangu. Ameirudisha kwa wenzake, saa hizi iko kwenye mkate wa mtu mwingine inasimulia yaliyonikuta.

Kwenye sosi hata sikusikia nilichoulizwa. Macho yangu yalikuwa bakulini, namtazama yule wangu, hata leo naweza kumtoa kwenye gwaride la utambulisho. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ndiyo maana mkate huu una haradali, mayonezi na sosi tamu, vyote kwa pamoja. Mimi haradali siili!

Mboga pale ziko 12. Njia nzima nimepiga hesabu: kila mboga ndiyo au hapana, unapata michanganyiko 4,096, hapo hujagusa mikate wala sosi. Yaani kati ya hiyo 4,096 hamna hata mmoja wenye zeituni nne?

Nawasilisha. Picha naweka nikishatulia.

Siti ya Mbele:
Nimefika. Nimekaa. Endeleeni.

Tumbo Halina Likizo:
Uzi bila picha ni chai.

Kisu Butu:
Pole sana mkuu. Lakini hapo kwa mtoto aliyepaliwa na mimi nimepaliwa.

Mama Kijiko:
Huyo kaka namjua!!! Kwangu mimi ni sosi. Anapiga mstari mmoja katikati kama anachora mpaka wa nchi, huku pakavu na huku pakavu. Unaanza jangwani, unafika kisimani mara mbili tu unatafuna, unarudi jangwani. Nikamwambia isambaze, akaniambia "itajisambaza ukiuma." Itajisambaza! Sosi ina miguu?

Mhanga wa Zeituni:
@Mama Kijiko asante dada, umenielewa. Ila wewe angalau sosi ilibaki. Yangu ALIIRUDISHA.

Nilivaa Glavu:
Nimefanya hiyo kazi miaka miwili, naomba niseme kitu kabla hamjamla mtu mzima mzima. Upande wetu wa kioo kuna karatasi imebandikwa, nyinyi hamuioni. Kila mkate una idadi yake. Saladi tunamwaga kwa sababu ni maji tu, karibu asilimia 95 ni maji, haimfilisi mtu. Zeituni, chizi na nyama ndizo zinazohesabiwa jioni, bakuli likipungua kuliko mikate iliyouzwa unaitwa pembeni. Msimlaumu dogo.

Mnaopaswa kusemwa ni nyinyi. Unamuuliza mteja kitunguu? Anajibu "hicho." Kipi? "Hicho cha pembeni." Anagusa kioo kwa kidole chenye mafuta, kioo ambacho nimetoka kukifuta. Na yule anayesema "weka vyote," ukishaweka vyote anasema "ila siyo pilipili."

Mhanga wa Zeituni:
@Nilivaa Glavu hiyo karatasi imeandikwa kwamba ukiombwa kuongeza upunguze? Jibu hapo tu.

Nilivaa Glavu:
Kurudisha hapana. Kurudisha hata sisi tulikatazwa. Kikishagusa mkate ni cha mteja.

Mhanga wa Zeituni:
MMESIKIA????

Profesa Kopo:
Mleta uzi, nikupunguzie machungu. Zile zeituni nyeusi za kopo nyingi huchumwa zikiwa bado za kijani. Zinalowekwa kwenye kostiki soda ili uchungu utoke, zinapulizwa hewa mpaka ziwe nyeusi, halafu zinatiwa chumvichumvi za madini ya chuma rangi isififie. Umelizwa na tunda lililopakwa wanja.

Mhanga wa Zeituni:
Lilikuwa wanja WANGU.

Tumbo Halina Likizo:
😂😂😂 Huyu haponi. Picha iko wapi?

Bi Foleni:
Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na kwa taarifa yako sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Ulisimama pale ukimtazama kijana wa watu kwa muda ambao ningekula, nikalala, nikaamka. Wenye maonevu ni sisi tulio nyuma yenu. Na bado wewe ni afadhali. Kuna yule anayefika kwenye kioo ndipo anatoa simu: "Haloo, wewe unataka mkate gani? Eti nini? Tango? Hebu muulize na mwenzako." Anaagizia ofisi nzima! Watu saba, na kila mmoja ana jambo lake na kitunguu.

Mama Kijiko:
Wa simu ni adui wa taifa.

Kisu Butu:
Na anaweka spika ili sote tusikie kwamba mhasibu wao hali nyanya.

Msomi wa Usiku:
Tatizo ni wingi wa kuchagua. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha utafiti wao wa jemu, uliofanyika Marekani. Meza ikiwa na jemu 24 watu wengi walisimama kuonja, ila kati yao walionunua ni asilimia 3. Zikiwa 6, wakanunua asilimia 30. Duka lingekuwa na mboga nne tu uzi huu usingekuwepo.

Mhanga wa Zeituni:
Kwa hiyo mkuu unanifundisha kwamba nne zilikuwa nyingi, tatu ndiyo zinauzika?

Msomi wa Usiku:
Sikusema hivyo.

Siti ya Mbele:
Umesema hivyo hivyo.

Fundi Tabaka:
Nimesoma uzi wote, naona hakuna aliyeliona kosa kubwa zaidi: amepanga nyanya juu ya mkate uliotoka kuchomwa! Nyanya inatoa maji, mkate unanywa, ukifika nyumbani una sponji. Chini inaanza kitu cha mafuta, chizi au mayonezi, hiyo ndiyo inazuia maji. Halafu saladi. Nyanya ikae katikati, inyunyiziwe chumvi palepale. Na vitu vinavyoteleza kama zeituni unavibana na chizi, la sivyo vinakutoroka ukiuma. Kwa huo mpangilio hata angekuwekea kumi, saba zingeishia kwenye shati.

Mhanga wa Zeituni:
Zingekuwa zangu kwenye shati langu.

Kisu Butu:
@Fundi Tabaka chumvi inakuja kabla ya mafuta au baada?

Fundi Tabaka:
Kabla. Swali la pili.

Mama Kijiko:
Baada! Ukitanguliza chumvi saladi inanyauka kabla hujalipa.

Fundi Tabaka:
Dada, chumvi inakwenda kwenye nyanya, saladi haiguswi. Hivi tunavyoongea umeshaharibu mikate mingapi?

Mama Kijiko:
Mikate yangu inaliwa. Ya kwako inachorwa ramani.

Pilipili Hoho:
Samahani kwa kuchelewa. Mimi kilio changu ni kitunguu. Nasema "bila kitunguu," naitikiwa vizuri kabisa, nafika kazini nakuta kitunguu. Jamaa hajali kwamba nimekataa, anakichukulia kama mgeni asiyehitaji mwaliko. Nikikitoa, harufu imeshabaki. Kikao cha mchana nakaa peke yangu upande wangu wa meza.

Nilivaa Glavu:
Hiyo ni glavu. Kashika kitunguu cha aliyekutangulia. Mwambie abadilishe glavu, ni haki yako.

Bi Foleni:
Abadilishe glavu kwa kila mteja? Foleni mnaiona lakini?

Kizibo:
Wakuu, niulize na mimi: burito, ile chapati ya Meksiko ya kukunjia nyama na maharage, ni sandwichi au siyo sandwichi?

Siti ya Mbele:
Huyu ametokea mlango gani?

Msomi wa Usiku:
Siyo. Mwaka 2006 jaji wa Massachusetts aliamua kwamba sandwichi ina vipande viwili vya mkate, burito ina tabaka moja la kukunja. Kesi ilifungwa.

Profesa Kopo:
Ilifunguliwa, mkuu. Mwaka 2024 jaji wa Indiana akasema burito na taco, mdogo wake burito, ni sandwichi za mtindo wa Meksiko. Na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ireland ilisema mkate wa kampuni moja kubwa ya sandwichi, kwa sheria yao ya kodi, si mkate, sukari imezidi mno. Kiwango ni asilimia 2 ya uzito wa unga, wao walikuwa na 10. Kwa hiyo inawezekana mleta uzi hakuwa hata na sandwichi. Alikuwa na keki ya kuku.

Tumbo Halina Likizo:
Keki ya kuku yenye haradali 😭😭 nimekufa.

Mhanga wa Zeituni:
Jamani. Tunazungumzia ZEITUNI. Mtu alichukua kitu changu mbele ya kadamnasi akakirudisha. Hesabu alikosea yeye, nimeaibika mimi. Tusitoke kwenye mada.

Kizibo:
Kwa hiyo mkate ukiukata upande mmoja bila kuutenganisha, kama wa futi moja, hilo ni tabaka moja au mawili?

Fundi Tabaka:
Moja.

Mama Kijiko:
Mawili.

Bi Foleni:
Wanaoujaza kisha wakaufunga kwa mgongo wa kisu wakarudishia vitu vilivyotoka kwa kidole, nao muwaongelee.

Kisu Butu:
Mimi siku hizi natengeneza nyumbani. Tatizo kisu.

Pilipili Hoho:
Kuna anayejua dawa ya harufu ya kitunguu mkononi? Nina kikao saa nane.

Nilivaa Glavu:
Ndimu na chumvi, usugue.

Mama Kijiko:
Chumvi kabla au baada?

Fundi Tabaka:
😡

Mhanga wa Zeituni:
Picha hiyo hapo. Nimeufungua mkate ili mhesabu wenyewe. Ziko mbili. MBILI! Ya tatu siioni, nahisi ilibaki kwenye karatasi ya kufungia, na karatasi nimeshatupa.

Tumbo Halina Likizo:
Mkuu, picha haifunguki.

Mgeni Jamvini:
Habari zenu, ndiyo najiunga leo. Zeituni ndiyo kile kipete cheusi chenye tundu?

Siti ya Mbele:
Ndiyo.

Mgeni Jamvini:
Aaa. Mimi huwa nawekewa hata nisipoomba, yule kaka ananijazia mpaka zinamwagika. Huwa nazitoa.

Mhanga wa Zeituni:
Unazitoa unazipeleka wapi?