Binamu anataka tukateleze theluji ya unga Austria, mie mtoto wa Likoni naweza?

Mtoto wa Likoni:
Salamaleko wadau, msinicheke. Binamu yangu yuko Innsbruck, amenialika mwezi wa pili, sasa ati ashapanga tukateleze na ski nje kabisa ya njia zilizotengenezwa, huko juu kwenye theluji mpya haijakanyagwa na mtu, anasema ni laini kama unga wa ngano hata ukianguka huumii. Mie barafu naijua ya kwenye friza ya samaki tu. Kongowea nimeona majaketi ya mtumba mazito kweli, ninunue?

Yakhe wa Tudor:
😂😂 enda bwana, Philip Boit yule wa mbio za ski si Mkenya? Olimpiki ya majira ya baridi Nagano 1998 alimaliza wa mwisho na Bjørn Dæhlie aliyeshinda dhahabu akamngoja pale mwisho akamkumbatia

Mpishi wa Milimani:
Boit alifunzwa Finland kwanza, na ile ni ski ya masafa, si ya kushuka mlima.

Kaka nimepika hoteli ya milimani Ufaransa misimu minne, nisikize. Hilo jaketi ndo la mwisho kuwaza. Theluji mpya upepo huirundika upande mmoja wa mlima, kama mchanga unavyorundikana nyuma ya ukuta wakati wa kusi, na chini yake kunaweza kuwa na tabaka dhaifu, wewe ukipita juu linakatika na bamba zima lashuka nawe. Miteremko ya digrii 30 mpaka 45 ndo mibaya zaidi, na ndo hiyohiyo wanaoipenda. Wengi wanaofunikwa, poromoko wamelianzisha wenyewe ama wenzao. Ukifunikwa, dakika 15 za mwanzo ndo uhai wako, helikopta haijafika bado, wa kukufukua ni uliokuja nao. Kwa hivyo kila mtu avae transiva mwilini, kidude cha kutuma na kunasa mawimbi ya redio wenzako wakupate chini ya theluji, awe na fimbo ndefu ya kuchoma theluji kukutafuta, na beleshi. Muulize binamu anavyo?

Na huko kuanguka "huumii" usikusikize. Mara ya kwanza nilianguka nikaegemea fimbo ya ski ya mkononi niinuke, ikazama yote mpaka kwapani, theluji ikaniingia shingoni, ski moja ikapotea chini tukaisaka karibu nusu saa, nikasota na mguu mmoja kama kuku.

Mtoto wa Likoni:
Nimempigia. Ati "beleshi la nini, kwani twaenda kulima?"

Mpishi wa Milimani:
Basi huyo usipande naye. Anza na mwalimu kwenye pisti, zile njia zilizotengenezwa, wiki nzima. Na anayetaka kupanda huko nje, asubuhi asome taarifa ya hatari ya maporomoko, ni 1 mpaka 5, watu wengi hufa siku za 3 kwa sababu wanaiona ya katikati.

Yakhe wa Tudor:
wallahi mie nimeghairi na hata sikualikwa

Mtoto wa Likoni:
Binamu amenuna. Nshajiandikisha darasa la wanaoanza, ati tutakuwa na watoto wa miaka mitano. Na jaketi nimelinunua, muuzaji amekataa kushuka bei hata shilingi kumi.