Naombeni ushauri: nimeshindwa kuacha vepu

Kisasa_Dom: Wakuu, habari za jioni. Niko chuo mwaka wa pili, Dodoma. Sigara sijawahi kuvuta, harufu yake tu inanitia kichefuchefu. Hii vepu, yaani sigara ya umeme, ya ladha ya tikitimaji niliionja kwa mwenzangu chumbani mwaka jana. Sasa hivi nikiamka usiku kwenda msalani, naipapasa chini ya mto kabla sijatafuta ndala. Naachaje?

Fundi Redio: Enzi zetu kipisi kimoja kinazunguka bweni zima. Mimi niliacha 2009 kwa kutafuna karafuu. Mke wangu mpaka leo hapendi pilau.

Mama Wawili: Shisha ilipigwa marufuku 2016, mkahamia kwenye vifilimbi. Mrudie Mungu, mwanangu.

Dokta Njaa: Mahubiri baadaye. Huo utamu ndio mtego. Moshi wa sigara unakwaruza koo, mgeni anakohoa na kuachia hapo. Nyingi ya hizi zina nikotini ya chumvi, inapita laini, unavuta mpaka basi. Soma boksi: asilimia 5 ni kama miligramu 50 kwa kila mililita. Halafu hainuki, unavutia hata kitandani. Unanunua kwa pesa gani lakini?

Kisasa_Dom: Pesa siyo tatizo.

Dokta Njaa: Mwanafunzi, pesa siyo tatizo?

Kisasa_Dom: Haya. Nauza. Nilichukua mzigo Kariakoo kwa boom, ile pesa ya mkopo wa chuo; zimebaki kumi na nne kwenye begi. Ila wateja wangu ni watu wazima, simlazimishi mtu, wengine wanataka ya kupigia picha tu. Zikiisha hizi naacha vyote, kuuza na kuvuta.

Mama Wawili: Kumbe ni wewe! Wa kwangu yuko Dodoma hukohuko.

Kitasa: Chai hii. Boom la awamu hii halijatoka, na ID imefunguliwa jana. Hili ni tangazo la biashara, mods fungeni.

Kisasa_Dom: Nani kasema la awamu hii?

Ndezi: Kwani nyie mmeshapata? Sisi tumesaini, wiki ya tatu hii, kimya.

Kitasa: Mmesaini? Kwetu hata majina hayajabandikwa!

Ndezi: Chuo gani mkuu?

Dokta Njaa: Kisasa, huwezi kuacha huku umelalia ghala. Upo?

Kisasa_Dom: Nipo. Zimebaki kumi na tatu.